Guylain Ameonekana Kampala

Kazi ya Léoncie ilikuwa ngumu kuielezea. Wamama wa Mabanga, mtaa wa Goma, walipomuuliza anafanya nini kutwa nzima na kompyuta ile kuukuu, alisema anaandika. Wakimuuliza anaandika nini, alisema anawaandikia watu. Dada yake Olive, aliyeuza vitenge katika chumba cha mbele cha nyumba yao, ndiye aliyewapa jibu la kueleweka: huyu mdogo wangu anawasemea watu wasio na nafasi ya kusema wenyewe.

Na ndivyo ilivyokuwa. Zamani Léoncie alisoma matangazo kwenye redio moja ya mtaa. Redio ilipokufa, akabaki na kipaji chake: akimsikiliza mtu kidogo tu, alishika namna yake ya kusema, mahali anapovuta pumzi, maneno anayoyapenda na yale yasiyomtoka kinywani. Watu wakaanza kumkabidhi kurasa zao za mtandaoni. Mwenye hoteli mmoja kando ya ziwa alimpa wake, daktari wa meno naye akampa wake. Lakini ukurasa alioupenda kuliko yote ulikuwa wa Guylain.

Guylain alichora ramani za nyumba. Wazazi wake walikuwa watu wa Butembo waliohamia Kibati, nje ya Goma, ila yeye hakukaa Butembo wala Kibati. Kompyuta yake ilikuwa mgongoni. Mwezi huu Kigali, mwezi ujao Kampala, baadaye Lusaka au Dar es Salaam, akiwachorea nyumba watu ambao hajawahi kushikana nao mkono. Wateja walimpata kwenye ukurasa wake. Pale walimwona amekaa karibu na dirisha, shati la bluu limenyooka, kikombe cha kahawa pembeni, mji wa watu nyuma yake, na chini ya picha maneno mazuri kuhusu kazi na uaminifu. Hakuna aliyewahi kumwona amechoka.

Maneno yale yalikuwa ya Léoncie. Guylain alimtumia picha na sauti chache, yeye akayafuma. Hawakuwahi kuonana. Hata hivyo alijua mwanamume yule hawezi kusema "hapana" bila kuanza na "aksanti", na kwamba akitaja nyumba ya mtu sauti yake hushuka, kama mtu anayeingia kanisani. Siku moja Guylain alimlipa kazi ya mwaka mzima mbele, kisha akamwachia agizo.

"Hata mimi nikinyamaza, ukurasa usinyamaze," alisema kwenye ujumbe wa sauti. "Sisi watu wa kazi za mbali hatuna mlango ambao watu watapita na kutuona tumekaa. Tukinyamaza, wanatuzika."

Haikupita muda mrefu, akanyamaza kweli. Kwanza sauti zilikoma, yakabaki maandishi. Kisha maandishi yakakoma, zikabaki picha bila neno. Mvua zilipoanza, picha nazo zikakatika, na ujumbe wa Léoncie ukawa haufiki tena kwenye simu yake.

Mtu mwingine angeacha. Léoncie aliona kwamba ameshakula malipo ya mtu, na mtu alisema usinyamaze. Alikuwa na akiba ya picha za zamani ambazo hazijawahi kutumika. Akazichambua. Ile iliyokuwa na jengo refu aliiita Kigali. Ile yenye miti dirishani aliiita Entebbe. Shati la bluu lilikuwa na nembo kwenye mfuko wa kifuani, nembo ya kampuni ambayo Guylain aliifanyia kazi zamani na hakutaka itajwe tena, kwa hiyo Léoncie alikuwa anaifuta kwenye kila picha. Hakuwa fundi sana wa picha. Mahali pa nembo palibaki doa hafifu la kijivu, kama sabuni isiyosuuzwa, lakini nani angekodolea macho mfuko wa shati?

Basi akaandika: "Wiki hii Kigali imenipokea. Nyumba nzuri huanza na mtu anayesikiliza." Watu wakapenda, na yeye akaenda kumsaidia Olive kukunja vitenge.

Kesho yake mchana uliingia ujumbe kwenye ukurasa. Ulitoka kwa Gisubizo, mwanamke wa Kigali ambaye kampuni yake ilimpa Guylain kazi mara kadhaa. Alimshukuru kwa kupita ofisini. Alisema wote walifurahi kumwona uso kwa uso baada ya muda wote huo, ila walisikitika kwamba hakugusa chai.

Léoncie alisoma mara ya pili, kisha akacheka peke yake. Kumbe mtu yuko Kigali kweli. Ameona ukurasa wake unasema Kigali, akaamua kupita kwa wateja ili isionekane uongo. Alimwandikia Guylain tena, akamlaumu kwa upole kwa ukimya wake. Ujumbe haukufika.

Wiki iliyofuata akaandika Kampala. Aliandika asubuhi kwamba amefika salama na kwamba mji wenye kelele humfundisha mchoraji thamani ya ukuta. Mchana Benny akapiga simu. Benny alikuwa mfanyabiashara wa Butembo aliyekwenda Kampala kila mara kununua bidhaa, naye alisoma shule moja na Guylain. Namba ya Léoncie ndiyo iliyokuwa kwenye ukurasa, na Benny alidhani anaongea na katibu wa rafiki yake.

Alisema amekutana na Guylain sokoni. Alimsalimia kwa Kinande, lugha ya kwao, na yule akamtazama kama mtu asiyesikia. Akamsalimia kwa Kiswahili, ndipo akajibu. Alimjibu kwamba amefika salama na kwamba mji wenye kelele humfundisha mchoraji thamani ya ukuta.

"Nilimununulia soda," Benny alisema. "Akaishika tu, mpaka ikapata moto mkononi. Jua lilikuwa kali, mama, sisi wote tunatoka jasho. Yeye, hata tone. Iko mugonjwa?"

Léoncie alijibu kwamba hajui, atauliza. Alipokata simu alifungua ukurasa, akasoma tena alichokiandika asubuhi, neno kwa neno. Olive alimuuliza kuna nini. Alisema ni mteja tu.

Angeweza kuendelea kujidanganya kama si Gisubizo kutuma picha. Ilikuwa picha ya siku ile ya Kigali, wafanyakazi wa ofisi wamejipanga mstari, Guylain katikati yao, ameweka tabasamu lile lile la ukurasani. Léoncie aliikuza kwa vidole viwili. Alikuza uso, akaona ni yeye. Kisha vidole vikateremka vyenyewe mpaka kwenye mfuko wa shati.

Nembo haikuwepo. Mahali pake palikuwa na doa la kijivu, kama sabuni isiyosuuzwa.

Picha ile haikupita mikononi mwake. Ilitoka kwenye simu ya Gisubizo, ikaja moja kwa moja. Na shati halisi, shati la kitambaa na vifungo, haliwezi kufutwa kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta. Léoncie aliifunga kompyuta, akaenda kukaa dukani kwa Olive, mahali penye wateja na makelele, na siku ile hakuandika kitu. Wala siku iliyofuata.

Mama mmoja akaja dukani. Alikuwa mrefu, mkavu, kitambaa cheupe kichwani na rozari shingoni, viatu vyake vimejaa vumbi jeusi la mawe ya volkeno. Olive alidhani amekuja kununua, akamtandazia kitenge. Mama hakukitazama. Alisema ameelekezwa hapa, anamtafuta mtu mwenye namba hii, akaonyesha karatasi ndogo, na namba ilikuwa ya Léoncie.

"Mimi ni Thérèse," alisema. "Mama yake Guylain. Nimetoka Kibati nije kukuuliza neno moja tu. Kwa nini unatembeza mutoto wangu?"

Léoncie alimkaribisha ndani, akampa kiti, akamletea maji. Mama Thérèse alikunywa polepole, kisha akaeleza bila haraka, kama mtu aliyeyapanga maneno yake njia nzima.

Guylain alirudi nyumbani mvua zilipoanza. Alitokea mpakani Bunagana kwa pikipiki, kompyuta mgongoni, mwili umebaki mifupa. Alimsalimia mama yake, akasema amechoka, akavua shati, akalala. Tangu siku ile hakuamka. Si kwamba amezimia. Macho anafungua, uji anameza vijiko vichache. Ila hasemi, na ukimkalisha anaanguka upande kama nguo. Walimpeleka kwa madaktari wakampima kila kitu, wakamwambia mama kwamba mwili hauna ugonjwa.

Majirani na watu wa parokia walikuja kumwombea, wakamletea mama unga na makala ya kupikia. Kisha wakaacha. Kila mmoja alikuwa na ndugu aliyemwona Guylain mahali fulani, amependeza, anasalimia watu. Wakasema mama huyu anaficha mtu mwingine ndani, au anatafuta huruma. Hata padri alimuuliza kwa sauti ya chini kama kweli yule kitandani ni mwanawe.

"Nilimuzaa," Mama Thérèse alisema. "Namujua. Lakini siku banasema iko Kigali, miguu yake ilivimba. Siku banasema iko Kampala, nilikuta nyayo zimetoka malengelenge. Mutu asiyesimama, malengelenge yanatoka wapi? Nikaosha miguu, maji yakawa mekundu ya udongo. Kwetu Kibati udongo ni mweusi, mutoto wangu. Wewe unajua."

Olive alikuwa amesimama mlangoni na kitenge mkononi. Alimtazama mdogo wake, na Léoncie akaona kwamba dada yake anaogopa, na kwamba hamwogopi mama yule.

Waliondoka pamoja kwenda Kibati mchana ule ule. Nyumba ya Mama Thérèse ilikuwa ya mbao, imejengwa juu ya mawe meusi, uzio wa matete kuizunguka, na mlima Nyiragongo umekaa nyuma yake na moshi wake. Ndani kulikuwa na giza la ubaridi. Guylain alilala kwenye kitanda karibu na ukuta, ametazama juu.

Ilikuwa ajabu kwa Léoncie kumwona. Alijua uso ule pembe zote, aliwahi kuung'arisha, kuukata, kuuondolea uvimbe chini ya macho. Sasa uso wenyewe ulikuwa mbele yake, una ndevu, una jasho, na haukumjua. Shati la bluu lilikuwa limetundikwa kwenye msumari. Alilisogelea, akaligeuza kwenye mwanga wa mlango. Nembo ilikuwepo mahali pake, nyuzi zote nzima.

Mama Thérèse alifunua blanketi, akamwonyesha miguu. Nyayo zilikuwa zimepasuka kama za mtu aliyevuka nchi.

Léoncie alipiga magoti pale sakafuni. Alisema hakujua. Alisema yeye ndiye aliyekuwa anaandika, na hakuwahi kumtakia mtu ubaya, alikuwa anafanya kazi aliyolipwa. Akatoa simu, akasema anaufuta ukurasa sasa hivi, wote, picha na maneno, asionekane tena popote.

Mama Thérèse akamshika mkono.

"Ngoja. Ukifuta, yule wa huko atabaki wapi? Hata mbuzi aliyepotea, humufungii mulango. Unamuita."

"Nimuite vipi, mama?"

"Wewe ndiye ulimutuma. Mutume nyumbani."

Léoncie alitoka uani, akakaa juu ya jiwe. Alikuwa amezoea kuandika maneno ya Guylain kwa haraka, jinsi mtu anavyomenya viazi. Mara hii hayakuja. Kila sentensi iliyomjia ilikuwa imevaa shati la bluu. Ilikuwa na hekima, ilikuwa na mteja ndani yake, na hakuna hata moja ambayo mtu angeisema akiwa njiani kwa mama yake. Alikumbuka kwamba katika muda wote ule hajawahi kumwandikia kwamba ana njaa, au miguu inauma, au amekosea hesabu ya ukuta akarudia kazi usiku kucha. Hakumpa hata ndugu mmoja. Alimtuma mjini mtu asiye na mama, asiyejua lugha ya kwao.

Mwishoni aliandika hivi, bila picha ya Guylain, ila picha tu ya barabara ile ya Kibati iliyopita mbele ya uzio: "Nimechoka. Nyayo zinaniuma. Natoka Kampala, napita Bunagana, napita Rutshuru, narudi kwa mama yangu Thérèse, Kibati. Wateja wangu mnisamehe. Sitachora kitu mpaka nilale."

Aliituma kabla hofu haijamshika. Majibu hayakukawia. Wengine waliandika pole. Wengine waliuliza kama akaunti imeibwa. Mteja mmoja wa mbali, mwenye jengo kubwa lililokuwa nusu, aliandika kwa ukali kwamba hawezi kufanya kazi na mtu wa namna hii, akajitoa. Léoncie aliyasoma yote, hakujibu hata moja. Alimpigia Olive, akamwambia atalala Kibati kwanza.

Benny ndiye aliyemwona wa kwanza. Alipiga simu akasema Guylain yuko huko Kampala, kwenye kituo cha mabasi yaendayo Bunagana, hana mzigo, amekaa mwenyewe mwisho wa benchi, na watu wamemwachia nafasi pande zote mbili bila kuambiwa. Alitaka kumfuata. Léoncie alimwomba asimfuate, amwache asafiri.

Baadaye binamu wa Mama Thérèse alipiga kutoka Rutshuru, akasema amempita Guylain njiani, anatembea pembeni mwa barabara kwa miguu, na magari hayasimami kumpakia. Alimwita kwa jina, yule hakugeuka. Binamu aliuliza kwani watu hawakusema ni mgonjwa? Mama Thérèse alimjibu kwamba ndiyo, ni mgonjwa, ndiyo maana anarudi.

Akaanza kupika. Aliweka maharagwe motoni, akasonga bugali, akatoa samaki mkavu wa Vitshumbi ambaye alimweka kwa ajili ya sikukuu. Léoncie alimwambia kwa uangalifu kwamba yule mtu huwa hali kitu. Mama akasema huko kote alikuwa kwa wageni, na mtu mwenye haya hali kwa wageni. Alifagia uani mpaka mawe yakang'aa. Kitandani Guylain alianza kupumua kwa kasi, na kidole kikubwa cha mguu wake kikawa kinajikunja na kujikunjua, kama cha mtu anayepanda mlima.

Yule wa njiani alifika mchana mweupe, watu wakitoka shambani. Hakuna mbwa aliyebweka. Léoncie alikuwa ndani, amekaa karibu na kitanda, akamsikia Mama Thérèse akisema uani, "Karibu, mutoto wangu." Kisha mama akasema tena, "Karibu. Chakula iko tayari." Halafu akamsikia anaongea kwa Kinande, sauti ndogo, ya kumbembeleza mtoto, kwa muda mrefu, na hakuna sauti ya pili iliyojibu.

Léoncie alisogea kwenye ufa kati ya mbao mbili, akachungulia.

Alikuwa amesimama nje ya mlango wa uzio, hatua moja tu asiingie. Shati la bluu lilikuwa limenyooka, na doa la kijivu lilikuwepo kwenye mfuko. Vumbi la safari yote ile halikumgusa kuanzia magotini kwenda juu. Lakini miguu ilikuwa peku, imechanika. Uso ulikuwa na tabasamu. Tabasamu halikuwa na ubaya wowote, lilikuwa limebaki tu pale kwa kuwa hakuna aliyelitoa. Mama Thérèse alikuwa mbele yake, mikono imenyooshwa, na yule hakumtazama. Alikuwa anatazama ukuta wa nyumba. Alikuwa anatazama ufa, jicho la Léoncie, kama mtu jukwaani anayemngojea wa pembeni amnong'oneze neno linalofuata.

Alitaka kurudi nyuma, ajifiche chini ya kitanda cha mgonjwa. Ndipo Mama Thérèse akageuza kichwa.

"Mutoto wangu," alimwita, "mimi hanisikie. Ni wewe anakusikia. Toka umuambie."

Léoncie akatoka. Jua lilimpiga usoni. Alitembea mpaka kwa mama, akasimama kando yake, na harufu aliyotarajia, ya jasho au ya kaburi, haikuwepo. Mtu yule hakuwa na harufu yoyote. Macho yake yalikuwa mazuri, yenye subira, yale yale aliyoyachagua yeye kati ya picha nyingi kwa sababu yalionekana ya mtu anayesikiliza.

Maneno mazuri yalimjaa kinywani, kwa mazoea. Aliyameza.

"Guylain," alisema. "Aksanti. Kazi imeisha. Hakuna mtu mwingine wa kusalimia. Ingia ulale."

Tabasamu likaondoka usoni polepole, na chini yake kulikuwa na uchovu mkubwa kiasi kwamba Léoncie aliumia kuuona. Mtu yule akainamisha kichwa. Akapita katikati yao wawili, karibu sana, na Léoncie alihisi ubaridi kidogo, kama mlango uliofunguliwa na kufungwa. Akainama kwenye mlango wa nyumba, akaingia.

Walimfuata. Ndani hapakuwa na mtu ila yule wa kitandani. Shati la msumarini lilikuwa limetulia. Guylain alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanatikisika, analia kwa sauti, kilio cha mtoto aliyepotea sokoni akapatikana. Mama Thérèse alipanda kitandani na viatu vyake, akamkumbatia kwa nyuma. Baada ya kitambo Guylain aliomba maji. Alipoyamaliza, aliomba chakula.

Hakupona siku moja. Alianza kukaa, kisha kusimama kwa kushika ukuta, kisha kutoka uani akaota jua na majirani wakaja kumtazama, wakaona haya, wakaleta tena unga. Léoncie alikwenda kumwona mara chache. Guylain alimweleza kidogo alichokumbuka. Alisema alikuwa anatembea. Alisema watu walimsalimia na kinywa chake kilikuwa kinawajibu maneno ambayo yeye hakuyafikiri, na alitamani mtu mmoja amwulize kama anataka kukaa chini. Hakumlaumu Léoncie. Alisema yeye mwenyewe alianza mapema zaidi, miaka kabla hajamfahamu, kila alipojipiga picha akiwa na homa na kuandika kwamba siku ni njema.

Ukurasa waliuacha na neno lile la mwisho. Wengi walidhani amekufa, wakaandika rambirambi, na Guylain aliwaacha waandike. Gisubizo peke yake ndiye aliyepiga simu, akaongea naye muda mrefu, kisha akampa nyumba moja ya kuchora, ndogo, isiyo na haraka. Léoncie alirudi Mabanga kwa daktari wake wa meno na mwenye hoteli, na kabla ya kuweka neno lolote alianza kuwapigia kwanza, awaulize wamelalaje. Waliona ajabu, lakini walijibu.

Wakati wa mavuno ya maharagwe alikutana na Guylain kwenye soko la Goma, amekuja na mama yake kuuza. Alikuwa amenenepa. Alicheka kwa sauti kubwa, alimkatiza Léoncie kila alipofungua kinywa, alilalamikia bei na mvua na mgongo wake, akamkatalia mteja mmoja bila kutanguliza aksanti yoyote. Mama Thérèse alimtazama mwanawe kwa macho ya kushiba. Léoncie naye alimtazama, akicheka walipocheka, huku akimtafuta ndani ya uso ule mtu mwingine, yule mpole, mwenye subira, aliyetoka Kampala kwa miguu kwa sababu yeye alimwambia. Hakumwona.

Jioni hakuweza kula. Olive alimsogezea sahani, akamuuliza ana nini.

"Kuna mutu nilimufahamu," Léoncie alisema. "Amekufa."

Olive aliuliza ni nani, kama ni wa hapa mtaani, na mazishi ni lini. Léoncie alitikisa kichwa. Alisema hakuwa na ndugu, na hakuna kilio popote. Olive aliinuka akafunga mlango wa duka, akarudi, akakaa karibu naye, na wakakaa hivyo kama watu wanavyokaa kwenye matanga.